Route 66 kwa Gari, Mtu na Mwenzi Wake: Kutoka Chicago hadi Santa Monica

Route 66 si barabara moja tena. Ilipewa namba yake tarehe 11 Novemba 1926, ikaunganisha Chicago na California kwa takriban kilomita 3,900 kupitia majimbo manane: Illinois, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona na California. Mwezi wa Juni 1985 ikafutwa rasmi, kwa kuwa barabara za Interstate, yaani barabara kuu za kasi kati ya majimbo, zilikuwa zimeshaimeza au kuipita pembeni. Leo imebaki vipande vipande. Sehemu kubwa bado inapitika, lakini lazima muitafute kila siku.

Kinachoharibu safari hii kuliko kitu kingine ni kupanga kwa kilomita badala ya saa. Watu huona kilomita 500 kwenye ramani, wakadhani ni safari ya asubuhi moja. Siku ya tatu wamechelewa, wanaingia Interstate kufidia, na hawatoki tena. Kwenye barabara ya zamani wastani ni kilomita 55 hadi 60 kwa saa, maana inapita katikati ya miji, kwenye taa na vivuko vya reli. Kilomita 300 ni saa tano au sita za usukani kabla hamjasimama hata kunywa chai. Wekeni siku 14 kwa uchache. Mkitaka kupanda hadi Grand Canyon, kiasi cha kilomita 95 kaskazini ya mji wa Williams, Arizona, ongezeni mbili.

Endesheni kutoka mashariki kwenda magharibi, na mwondoke mapema. Saa kumi na mbili asubuhi jua liko mgongoni na hewa bado ni ya baridi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linawapiga usoni moja kwa moja, na kioo chenye vumbi hakionyeshi kitu. Saa zenyewe zitawasaidia: mkivuka kutoka Texas kuingia New Mexico mnarudisha saa nyuma kwa saa moja, na wakati wa kiangazi tena mkiingia Arizona, kwa sababu jimbo hilo halifuati saa za majira ya joto. Kati ya Arizona na California, wakati wa kiangazi, hakuna mabadiliko.

Gari na makaratasi

Kodini gari la kawaida lenye buti inayofungika vizuri. Gari la wazi linapendeza kwenye picha, ila Arizona mwezi wa Julai mtalifunika kuanzia saa nne asubuhi na buti yake haitoshi masanduku mawili. Kwa kuwa mnachukulia Chicago na kurudishia Los Angeles, kampuni nyingi hutoza ada ya kuacha gari mji mwingine, na mara nyingine inakaribia bei ya kukodi yenyewe. Linganisheni jumla yote, si bei ya siku. Ulizeni pia kama mwenzi wa ndoa anaandikwa dereva wa pili bila malipo; wengi hukubali, lakini lazima jina lake liwe kwenye mkataba. Asiyeandikwa akishika usukani, bima inaweza kukataa kulipa. Dereva aliye chini ya miaka 25 hutozwa zaidi karibu kila mahali.

Chukueni leseni zenu halisi pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa nchini mwenu kabla ya kuondoka. Kadi ya mkopo iwe na nafasi ya kutosha, maana kampuni hufungia amana hadi gari lirudi. Na someni sehemu ya mkataba inayohusu barabara za vumbi: nyingi hukataza kabisa, na Route 66 ina vipande vya namna hiyo.

Mafuta pigeni hesabu hivi. Kwa michepuko, safari nzima ni kama kilomita 4,500. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litahitaji lita 360, sawa na galoni 95 za Kimarekani. Zidisheni kwa bei ya siku hiyo, kisha mwongeze sehemu ya kumi kwa ajili ya kiyoyozi na vilima. Kwenye pampu, kadi ya kigeni mara nyingi hukwama kwa sababu mashine inadai namba tano za posta za Marekani. Msihangaike nayo: ingieni ndani, mtajieni mtunza fedha namba ya pampu na kiasi cha dola, na kilichobaki mtarudishiwa. Bonyezeni 87, yaani petroli ya kawaida. Msiende kwa rangi ya mpini, kwani wa kijani mara nyingi huwa ni wa dizeli.

Sheria zinazowakamata wageni

Aliyezoea kuendesha Kenya, Tanzania au Uganda anahamia upande wa kulia. Hatari haiko kwenye barabara kuu. Iko mnapotoka kituo cha mafuta asubuhi, barabara ikiwa tupu, na mkono unarudi wenyewe kushoto. Asiyeendesha na aseme kwa sauti, "kulia," kila mnapotoka mahali. Iwe ni kazi yake rasmi.

Taa nyekundu inaruhusu kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pale penye bango la kukataza, na Chicago mabango hayo ni mengi. Kwenye makutano yenye alama ya STOP pande zote nne, aliyefika kwanza ndiye anayetangulia. Mkifika pamoja, mpisheni aliye kuliani kwenu. Basi la shule likiwasha taa nyekundu, simameni, hata kama mnatoka upande wa pili. Mwendo ni kwa maili: 35 ni kilomita 56, 55 ni kilomita 88, 75 ni kilomita 120. Polisi akiwasimamisha, egesheni kulia, zimeni injini, kaeni ndani na mikono juu ya usukani mpaka afike dirishani. Kushuka na kumfuata, kama ilivyo kawaida kwetu, huko huonekana ni tishio. Wala msithubutu kutaja habari ya pesa.

Kuipata barabara yenyewe

Mkiiandikia simu "Santa Monica" itawapeleka Interstate bila kuuliza. Mkiiambia iepuke barabara kuu, itawapeleka mashambani. Njia inayofaa ni kila jioni mmoja wenu kukaa na kitabu cha maelekezo ya kona kwa kona, akaweka vituo vidogo vidogo kumi hadi kumi na tano vya kesho kwenye ramani, kila kimoja kikiwa juu ya barabara ya zamani. Pakueni ramani ya jimbo zima, maana magharibi ya Arizona na jangwa la Mojave mtandao hupotea kwa muda mrefu.

Kumbukeni pia kwamba barabara ilihamishwa mara nyingi. Hadi 1937 ilipanda Santa Fe, New Mexico. Baadaye ikakatwa moja kwa moja hadi Albuquerque. Ndiyo maana kwenye makutano ya Central Avenue na Fourth Street, Albuquerque, Route 66 inajikata yenyewe. Chagueni njia moja kabla hamjafika.

Mabango yakipotea, tazameni chini. Lami ya zamani ni zege ya kijivu yenye mistari ya viungo kila baada ya mita chache, majani yakichungulia humo, na mara nyingine ukingo mdogo wa zege pembeni. Reli huwa karibu. Mkiona nyumba chakavu zenye paa refu mbele, la kukinga pampu, mko mahali pake.

Pa kukaza mwendo na pa kutulia

Illinois inapitika kwa siku moja na nusu sambamba na I-55, yaani Interstate namba 55. Msikose makumbusho ya Pontiac na kipande cha matofali karibu na Auburn. St. Louis, daraja la Chain of Rocks ni la waenda kwa miguu na baiskeli tu. Msiache kitu chochote kinachoonekana ndani ya gari. Missouri inafuata I-44. Kansas ni kilomita 21 tu.

Oklahoma ndipo pa kutoa muda, siku tatu ikiwezekana, kwa sababu ina zaidi ya kilomita 600 za barabara ya zamani. Kati ya Miami na Afton kuna kipande cha mwaka 1922 chenye upana wa mita 2.7, njia moja kwa magari ya pande zote mbili. Waliokutana walishusha tairi za upande mmoja kwenye udongo. Kingo zake za zege bado zinaonekana, lakini katikati kumechimbika. Msizidi kilomita 25 kwa saa, na msiingie baada ya mvua. Karibu na Luther, simameni kwenye kituo cha mafuta cha familia ya Threatt, kilichojengwa yapata 1915 na familia ya Wamarekani weusi. Enzi za ubaguzi, msafiri mweusi kwenye barabara hii hakuwa na hakika ya kuuziwa chakula wala kupewa chumba, na kituo kama hiki kilikuwa na thamani kuliko petroli yake.

Texas, magari kumi ya Cadillac yaliyozikwa pua chini karibu na Amarillo tangu 1974 yanafaa kutazamwa asubuhi. Kipande cha Jericho, kabla ya Groom, ni udongo mtupu unaogeuka gundi mvua ikinyesha: kirukeni. Mji wa Adrian ndipo katikati; bango lake husema maili 1,139 kila upande. Moteli za zamani kama Blue Swallow ya Tucumcari na Wigwam ya Holbrook, yenye vibanda 15 tu, hujaa. Wekeni nafasi miezi kadhaa kabla, kisha mpange siku nyingine kuzizunguka.

Kutoka Seligman hadi Kingman, kilomita 140, ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Baada ya Kingman njia inapanda Sitgreaves Pass, mita 1,080 hivi, kisha inateremka mji wa Oatman. Ni nyembamba, kona zimejikunja, sehemu nyingi hazina kizuizi, na gari linalozidi mita 12 haliruhusiwi. Pandeni asubuhi. Kwenye mteremko tumieni gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo, maana breki zikipata moto mkali hazishiki. Oatman punda hulala barabarani: subirini waondoke, wala msiwalishe.

Joto na hali ya hewa

Kati ya Needles na Barstow joto hupita nyuzi 43. Bebeni lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, mbali na yale ya kunywa mkiwa mjini. Jazeni tangi upande wa Arizona, ambako mafuta ni nafuu zaidi. Kagueni taarifa za kaunti ya San Bernardino kabla ya kuingia njia ya Amboy, kwa sababu mafuriko yamebomoa madaraja ya mbao na baadhi ya vipande hufungwa.

Upepo wa tairi pimeni asubuhi kabla ya kuondoka, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mchana kipimo kitapanda, msipunguze. Tairi iliyopunguzwa ikiwa moto inakuwa laini ikipoa, inajikunja zaidi, inapata moto zaidi, na hapo ndipo inapopasuka. Geji ya injini ikianza kupanda mlimani, zimeni kiyoyozi, washeni hita na mfungue madirisha. Ikiendelea, egesheni, na msiguse kifuniko cha rejeta.

Oklahoma, Aprili hadi Juni ni miezi ya vimbunga. Simu ikiandika "Tornado Warning," ingieni jengo imara. Chini ya daraja si kinga. New Mexico na Arizona, kuanzia Julai, mvua za alasiri hujaza mabonde ghafla, na sentimita 30 za maji yaendayo kasi zinaweza kubeba gari dogo. Wingu la vumbi likiwafunika, tokeni kabisa nje ya lami, zimeni taa zote na mtoe mguu kwenye breki, kwa sababu dereva aliye nyuma atazifuata taa zenu akidhani bado mnakwenda.

Siku ya mwisho laleni San Bernardino au Pasadena, mwingie Los Angeles baada ya saa nne asubuhi, foleni ikiwa imepungua. Mwisho rasmi tangu 1936 ulikuwa makutano ya barabara za Lincoln na Olympic, Santa Monica. Bango la mwisho wa njia lililo kwenye gati ya Santa Monica liliwekwa 2009. Egesheni mitaa ya ndani na mtembee hadi baharini, kwa kuwa nafasi za gatini hujaa kabla ya adhuhuri.