Mmea ulio mzuri usiuchume: tunavyotunza mbegu kikundini kwetu

Mimi ndiye mtunza mbegu wa kikundi chetu cha bustani hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Tuko 14, wengi akina mama, na kila mmoja ana matuta mawili matatu nyuma ya nyumba, au viroba vya mboga pale uani. Jumamosi tunakutana kwa mmoja wetu, tunamlimia, tunamgeuzia mboji, tunakunywa chai, tunatawanyika. Hayo vikundi vingi vinafanya. Ninaloulizwa mara kwa mara ni habari ya mbegu, kwa hiyo nitaeleza hilo.

Kazi inaanza mwishoni mwa Aprili, masika yakielekea kupungua. Mchicha na mgagani tunaosia wakati huo hukomaa mbegu Julai hivi, jua likiwa kavu na mvua imekatika. Mbegu inayokomaa mvuani hushika ukungu, nyingine huota ikiwa bado iko kwenye suke.

Miaka ya mwanzo tulikosea jambo moja kubwa. Mchicha wowote uliowahi kutoa maua tuliuacha uwe wa mbegu, kwa sababu haukuwa tena na majani ya kula. Ile yenye majani mapana, iliyochelewa kuchanua, tukaila yote. Msimu hadi msimu tukawa tunapanda watoto wa mchicha unaokimbilia maua, hadi ikafika mahali tunachuma mara mbili tu na shina limeshakuwa gumu. Tulilaumu udongo, tukalaumu samadi, kumbe ni sisi wenyewe.

Sasa tunachagua mapema, mmea ukiwa wa wiki nne hivi. Tunapita tutani pamoja, watu watatu au wanne, tunatafuta ile iliyonenepa, isiyo na madoa wala wadudu, iliyo nyuma ya wenzake kuchanua. Kila tunayoikubali naifunga kipande cha khanga kuukuu shinani. Penye kitambaa hapachumwi, hata mgeni abishe hodi jikoni hakuna kitu. Kwa mchicha chagua mimea isiyopungua 10, si mmoja, maana chavua yake hubebwa na upepo na uzao wa mmea mmoja hudhoofika. Ukiwa na mchicha mwekundu na wa kijani tuta moja, utavuna mchanganyiko. Sisi tunawapa watu wa mitaa tofauti, huyu mwekundu, yule kijani.

Kujua kama mchicha umekomaa, gonga suke juu ya kiganja. Zikidondoka punje nyeusi zinazong'aa, kata, umande ukishakauka. Tandaza masuke juu ya shuka kivulini siku nne au tano, kisha yafikiche kwa mikono. Usipepete kwa kurusha juu kama mpunga, punje ni ndogo mno, zitaondoka na makapi. Tikisa ungo taratibu huku unapuliza kwa mdomo.

Mgagani unataka jicho. Vitumba vya mbegu vikianza kuwa vya njano vichume asubuhi, ukichelewa vinapasuka na mbegu zinamwagika chini. Tena mbegu yake ina usingizi. Mara ya kwanza tuliisia wiki ileile tuliyovuna, halikuota hata jani, tukataka kuitupa yote. Bibi mmoja wa kikundini, Mluguru, akatuzuia: "Iacheni ilale kwanza." Tukaiweka miezi mitano, ikaota vizuri. Ndiyo maana mgagani tunaogawana Septemba ni wa mwaka jana.

Mnavu chuma matunda yaliyoiva na kulainika tu. Mabichi yana sumu, watoto wasiyaguse. Yabonyeze ndani ya bakuli la maji, mbegu nzima huzama, maganda na mapepe huelea. Nyanya ni hivyohivyo, ila juisi na mbegu zake ziache kwenye kikombe siku mbili tatu zichachuke, ule utelezi utoke, ndipo uzioshe. Zianike kwenye sahani, si kwenye karatasi, zitagandia. Na nyanya ya mbegu chotara usihangaike nayo: watoto wake hawafanani na mama.

Kunde hazina shida shambani, shida yake ni wadudu wanaotoboa punje nyumbani. Ing'ate moja kwa jino: ikipasuka imekauka, ikibonyea irudishe juani. Kisha ichanganye na majivu yaliyochekechwa, kikombe kwa kikombe, ujaze chupa hadi shingoni.

Mbegu ndogondogo ninazitunza kwenye chupa za kioo zenye kifuniko cha kukaza. Chini naweka kifurushi cha mchele niliokaanga bila mafuta nikaupoza, unafyonza unyevu uliobaki. Chupa zinakaa chini ya kitanda changu, ndipo pana ubaridi kuliko kwingine. Kwenye kila chupa naandika jina la mboga, mwezi, nani aliyeilea na sifa yake: "huchelewa kuchanua", "huvumilia kiu".

Wiki mbili kabla ya kugawana, pima uotaji. Usiruke hatua hii. Hesabu punje 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, weka mahali pa joto siku saba. Zikiota 16 na zaidi, ziko sawa. Zikiota 10 hadi 15, mwambie mwenzio apande mbegu nyingi zaidi. Chini ya hapo naipa kuku, kwa sababu mtu akimwagilia kitalu kitupu wiki mbili hatakuamini tena.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, vuli haijaanza. Kila mmoja anakuja na alichovuna, hata kama ni kijiko kimoja. Hatuuziani. Mbegu za biashara zina sheria na ukaguzi wake, na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, iko hapahapa Morogoro, anayetaka kuuza aende akaulize. Kwetu ukichukua kijiko kimoja, msimu ujao unarudisha viwili, na jina lako linaandikwa kwenye daftari. Aliyekosa kwa sababu ya ugonjwa au msiba hadaiwi, anapewa tena.

Bahasha tunakunja wenyewe kwa kurasa za madaftari ya shule yaliyokwisha. Nailoni hapana: mbegu isiyokauka sawasawa hutoka jasho humo ndani, na ukifungua Oktoba unakuta imeoza.