Jinsi ya kutumia lupu kwenye skrini ya kamera ya video (na kosa moja linaloharibu fokasi za watu wengi)

Kama ushawahi kushuti nje saa saba mchana unajua ilivyo, unafungua skrini ya kamera unajiona mwenyewe na mawingu nyuma yako, picha unayotaka kurekodi huioni kabisa. Hapo ndo lupu inaingia. Ni ile kama kikombe cheusi chenye lenzi ndani na mpira laini mwishoni, unaibana juu ya skrini alafu unaweka jicho. Inaziba mwanga, inakuza picha, na inakupa sehemu nyingine ya kuegemeza kamera, yaani uso wako, na kwa anayeshika kamera mkononi hilo la mwisho ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Lupu zilisambaa sana baada ya Canon 5D Mark II kutoka 2008, kamera ya picha iliyokuwa inarekodi video ya 1080p, lakini ukiingia kwenye video kioo cha ndani kinanyanyuka, ile sehemu ya kuchungulia inakuwa giza tupu, unabaki na skrini ya nyuma peke yake. Kamera za kazi zilizofuata kama Sony FS7 ya 2014 zikaja na lupu yake kabisa ya kufunga kwenye skrini ya inchi 3.5.

Kufunga hakuna mambo mengi. Toa kwanza ile nailoni ya dukani kama bado iko kwenye skrini, puliza vumbi, manake chochote kilichobaki humo utakiona kimekuzwa. Lupu nyingi unaanza kwa kuingiza ndoano za upande mmoja, unalaza, unabana upande wa pili mpaka usikie imelia. Alafu chungulia na uangalie pembe zote 4 za picha. Kama kona moja imekatwa basi haijakaa vizuri, au lupu siyo ya skrini hiyo, kwa sababu skrini ya 3:2 na ya 16:9 hazifanani umbo hata kama zote zimeandikwa inchi 3.2. Na tafadhali usibebe kamera kwa kushika lupu, uzito wote unaenda kwenye bawaba ya skrini na bawaba ikilegea utajuta.

Sasa tuje kwenye daiopta, hapa nitakaa kidogo maana ndo sababu nimeandika haya yote. Daiopta ni ile ringi (kwenye nyingine ni kitufe cha kuzungusha) inayosogeza lenzi ya lupu ili iendane na jicho LAKO. Haigusi fokasi ya kamera hata kidogo. Mi nilishawahi kurekodi mahojiano ya dakika 40, nachungulia naona picha ina ukungu, nazungusha fokasi mbele, nyuma, mbele, nikapata mahali nikaona hapa afadhali, nikaanza kurekodi. Nilivyofungua kwenye monita kubwa masikio ya yule mzee yalikuwa makali unahesabu nywele, macho yake yameyeyuka. Mahojiano yale hayakurudiwa tena. Kumbe ringi ya daiopta ilijizungusha kwenye begi, na mi nilikuwa najaribu kurekebisha na lenzi ya kamera kitu ambacho hakikuwa kwenye lenzi ya kamera.

Kwa hiyo fanya hivi, kila unapoanza kazi. Washa kamera, hakikisha maandishi yote yanaonekana kwenye skrini, taimkodi (zile namba za muda wa video), asilimia ya betri, yote. Weka kifuniko cha lenzi ili picha iwe nyeusi isikuchanganye. Sasa angalia herufi na namba tu, kwa sababu zile zimechorwa kwenye skrini yenyewe, haziwezi kutoka fokasi. Ukiziona na ukungu basi tatizo liko kati ya skrini na jicho, hakuna kwingine. Zungusha daiopta mpaka mwisho upande wa jumlisha, na kama ringi haina alama ni ule upande ambao lenzi inakuwa mbali kabisa na skrini, herufi zitakuwa na ukungu, alafu rudi taratibu taratibu na usimame PALE PALE zinapokuwa kali kwa mara ya kwanza. Usiendelee mbele. Ukipitiliza herufi bado utaziona kali lakini ni jicho linajikaza kukusaidia, dakika za kwanza hutahisi chochote, baada ya saa nzima kichwa kinagonga na unaanza kuona vitu viwili viwili ukitoa jicho. Ukishapata chora mstari mdogo wa maka nyeupe kwenye ringi na kwenye mwili wa lupu, mistari ikutane. Mi yangu ina huo mstari na kila nikiitoa kwenye begi kitu cha kwanza naangalia kama mistari imekutana.

Mwenye miwani: kama shida yako ni kuona mbali au karibu tu, daiopta mara nyingi inatosha, vua miwani. Lakini kama una astigmatizimu, yaani mbele ya jicho haijapinda sawasawa pande zote, daiopta haiwezi kuirekebisha, baki na miwani yako, kunja mpira wa lupu kwa nyuma ili jicho lisogee, na angalia kioo cha miwani kisikwaruze lenzi ya lupu maana nyingi ni za plastiki.

Ukubwa nao usikudanganye. Lupu inayokuza mara 2.5 inatosha kazi nyingi. Ukikuza sana kwenye skrini isiyo na pikseli nyingi unaanza kuona vile viboksi badala ya picha, na huwezi kujua fokasi iko wapi kwa kuangalia viboksi.

Kitu kingine watu wanasahau, skrini ya kugusa ukishaifunika huwezi kuigusa tena. Kabla ya kufunga lupu weka kwenye vitufe vya pembeni vile vitu 2 utakavyohitaji zaidi: kukuza fokasi, na pikingi, zile rangi zinazowaka kwenye kingo za kitu kilicho kwenye fokasi. Pikingi iweke chini au kati, ukiiweka juu inawasha kila kitu na inakudanganya. Nikiwa nashuti mtu nabonyeza kukuza, natafuta kope za jicho lililo karibu na kamera, zikiwa kali narudisha picha kamili naendelea.

Mwanga sasa. Ndani ya lupu kuna giza, mboni ya jicho inafunguka, kwa hiyo skrini inaonekana inang'aa kuliko ilivyo na unajikuta unafunga iris (lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga) bila sababu, ukirudi nyumbani kila kitu kiko kizani. Usipime mwanga kwa jicho ukiwa kwenye lupu, tumia zebra, ile mistari inayotokea juu ya sehemu zenye mwanga mwingi, au wevufomu, ile grafu ya mwanga wa picha. Zebra ukiiweka 100 itakuonyesha wapi anga au shati jeupe limeungua, hiyo haijali jicho lako limefunguka kiasi gani.

Kushika: tumia jicho lako lenye nguvu, nyusi iguse mpira bila kusukuma, viwiko vikae karibu na mbavu, na jizoeze kuacha jicho la pili wazi, siku za kwanza linasumbua lakini utaona mtu anayetaka kuingia kwenye fremu kabla hajaingia. Kamera ikiwa kwenye stendi gusa kidogo sana au usiguse kabisa, kwa lenzi ndefu hata pumzi yako inatikisa picha. Na pumzi itoe pembeni, ukipumulia juu lenzi inashika mvuke, hapo subiri iondoke yenyewe badala ya kusugua na fulana.

Na sasa JUA, hili naomba ulishike kuliko yote. Lupu ni lenzi ya kukuza, ile ile ambayo watoto wanachomea karatasi. Ukiacha kamera kwenye stendi ukaenda kunywa maji, jua likaingia kwenye tundu la kuchungulia, miale yote inakutana kwenye skrini na haihitaji muda mrefu kabisa. Nimeona skrini yenye doa la kahawia ukubwa wa kichwa cha kiberiti, halifutiki, halitengenezeki, unabadilisha skrini nzima. Jicho likitoka, kifuniko cha lupu kinaingia. Kama huna kifuniko elekeza lupu chini au ichomoe, na hii ni pamoja na ndani ya gari na karibu na dirisha.

Usafi: puliza kwanza, alafu kitambaa laini cha lenzi, maji ya kusafishia unaweka kwenye kitambaa siyo kwenye lenzi. Mpira ukivuka kwa mtu mwingine uufute kabla na baada, ugonjwa wa macho mekundu unapita hapo kirahisi sana, na kama mnashuti watu wawili kila mmoja awe na kava lake la kitambaa. Mkipokezana kamera na daiopta nayo itabadilishwa, kwa hiyo ukirudishiwa angalia mistari yako kabla hujabonyeza rekodi.