Kofia ya gego: uliangalie jino lililo chini yake

Gego lililotibiwa mzizi mara nyingi hubaki na kuta dhaifu, na kwa kuwa magego ndiyo yanayobeba nguvu kubwa ya kutafuna, ni busara kulivika kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholifunika jino lote juu ya ufizi, mapema badala ya kungoja lipasuliwe na mfupa wa kuku. Kwa meno ya nyuma, yasiyoonekana sana mtu anapocheka, mimi hupendekeza uimara utangulie urembo, yaani kofia ya metali au ya zirkonia (aina ya kauri ngumu). Anayesaga meno usingizini amweleze daktari kabla ya kuchagua.

Kofia ya muda, inayovaliwa wakati ile ya kudumu ikitengenezwa maabara, hushikizwa kwa gundi hafifu. Kwa hiyo tafunia upande wa pili, epuka chingamu, tofi na kashata, na ukipitisha uzi wa kusafishia meno uchomoe kwa pembeni, usiurudishe ulikopita.

Siku ya kuweka ya kudumu, daktari atakung'atisha karatasi ya rangi ili aone inapogusa kupita kiasi. Ganzi hudanganya, hivyo ikiisha na ukahisi kofia inatangulia kugusana na jino la taya ya pili kabla ya meno mengine kukutana, rudi ikasawazishwe.

Kofia yenyewe haiozi, lakini jino lililo chini yake huweza kuoza, hasa kwenye ukingo ulio karibu na ufizi, ambako mswaki laini na uzi vinapaswa kufika kila siku. Ikidondoka, ihifadhi uipeleke kliniki, wala usiibandike kwa gundi ya dukani.