Namna ya kuutazama mchoro wa bahari wa Monet

Mdogo wangu alipewa kazi ya chuo aeleze rangi na mpangilio wa Impression, soleil levant (yaani "Taswira, jua likichomoza"), mchoro wa mchoraji Mfaransa Claude Monet wa 1872. Akaniandikia kwamba haoni kitu zaidi ya ukungu na kitone chekundu. Tuliupitia hivi.

1. Pata nakala nzuri. Mchoro wenyewe uko makumbusho ya Marmottan Monet, Paris, na una sm 48 kwa 63 tu. Tumia kompyuta, simu weka pembeni.

2. Anza na mashua, jua lisubiri. Ile ya karibu ni nyeusi, inayofuata imefifia, ya tatu karibu imemezwa na ukungu. Zimekaa mshazari kuelekea kushoto, na huo mshazari ndio unaoleta umbali. Nyuma yake milingoti, winchi na dohani za bandari ya Le Havre zimesimama wima.

3. Sasa rangi. Karibu turubai yote ni buluu iliyochanganyika na kijivu. Rangi ya machungwa, ambayo kwenye duara la rangi (duara linalopanga rangi zote kwa mzunguko) inaikabili buluu, imewekwa kidogo mno: jua, mwako wake majini, na wekundu hafifu angani.

Geuza picha iwe ya kijivu. Jua linakaribia kupotea! Mwangaza wake unalingana na wa mawingu yaliyolizunguka. Kinachoutofautisha mviringo ule na anga ni rangi peke yake. Margaret Livingstone, mtaalamu wa mfumo wa neva wa Harvard, anaeleza kwamba sehemu ya ubongo inayopima mwangaza na mahali kitu kilipo hailioni vizuri, ila ile ya rangi inaliona. Ndiyo maana linaonekana kama linatetemeka.

Hapa ndipo watu hukwama. Jua likibaki wazi, kwanza ishuku nakala yako: nyingi mtandaoni zimekolezwa rangi, na za kalenda ndiyo kabisa. Pili, usitumie filta za kupamba picha, kwa sababu zinaongeza weusi na weupe kwa siri. Mimi naiamini GIMP, programu ya kuhariri picha. Punguza ukolezi wa rangi hadi sifuri, mengine usiguse. Tatu, skrini ikiwa kwenye hali ya usiku ile ya umanjano, buluu imeshaharibika kabla hujaanza kulinganisha.

4. Kuza picha uone brashi. Mwako majini ni mistari minene iliyokatikakatika, anga imepakwa nyepesi. Mhakiki Louis Leroy aliudhihaki mchoro huu mwaka 1874 kwenye gazeti la Le Charivari, kwamba hata karatasi ya ukutani ambayo haijaisha imekamilika kuliko huo. Alichokiita upungufu ndicho unachokitazama sasa.

5. Rudia jaribio la kijivu kwa Terrasse à Sainte-Adresse, aliouchora Monet huyohuyo mwaka 1867. Kule jua ni kali na vivuli vimekatwa wazi, kwa hiyo ukiondoa rangi umbo la picha linabaki. Weka picha hizo mbili za kijivu sambamba, kisha ndiyo uandike.