Somo: Barua pepe ya Exchange ya ofisi kwenye simu ya LineageOS, bila kukabidhi simu yako

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka vidole vinajiandikia vyenyewe. Wiki hii wameuliza wanne, mmoja amenipigia nikiwa nimening'inia kwenye daladala ya Mtumba. Naandika mara moja tu.

Kiini cha tatizo: Exchange, seva ya barua ya Microsoft, huzungumza na simu kwa ActiveSync, protokali ya Microsoft hao hao. LineageOS ni Android huria, haiji na programu za Google. Maelezo yake yako hadharani tangu 2008, lakini bado ni mali ya kampuni na ina hataza (patent) zake, hivyo programu nyingi huria zinaikwepa na kubaki na IMAP, njia ya wazi ya kusoma barua. Tutapita huko huko.

1. Weka F-Droid, duka la programu huria.

2. Humo pakua Thunderbird (ndiyo K-9 Mail ya zamani, imebadilishwa sura 2024) ya barua, na DAVx⁵ ya kalenda. Anayependa FairEmail, sawa tu.

3. USIBONYEZE "WASHA". Ukiweka programu inayojua ActiveSync, seva ya ofisi hutuma masharti yake, kisha simu inakuuliza kama unaikubali programu hiyo iwe msimamizi wa kifaa. Mwaka 2021 nilikuwa na kazi ya mkataba kwenye kampuni moja, nikabonyeza bila kusoma, maana nilikuwa nasubiri barua ya malipo. Mkataba ukaisha Ijumaa. Jumatatu asubuhi niko Sabasaba nanunua nyanya, simu ikajizima, ikawaka kama imetoka dukani. Fundi wao alikuwa anafunga akaunti yangu, akachagua kufuta kifaa chote badala ya akaunti peke yake. Picha za arobaini ya bibi kule Kondoa zilikuwa humo tu. Alinipigia kuomba radhi, nikampokea, ila picha hazikurudi. Kwa hiyo soma kila mstari wa ukurasa ule. Ukiona neno "kufuta data yote", rudi nyuma. Na kama ni lazima uukubali, nakili kwanza kila kitu kwenye kompyuta.

4. Jua seva yako iko wapi. Kama ni Microsoft 365 (Exchange iliyo kwenye mitambo ya Microsoft): kupokea ni outlook.office365.com mlango (port) 993, kutuma ni smtp.office365.com mlango 587. Huko kuingia kwa nywila peke yake kulianza kufungwa Oktoba 2022, kwa hiyo chagua OAuth, yaani kuingia kupitia ukurasa wa Microsoft wenyewe: kivinjari kifunguke, uingie hapo. Kama seva iko ofisini kwenu, muulize fundi kama amewasha IMAP. Exchange ikisakinishwa IMAP huwa imezimwa, kwa hiyo asikwambie "inapaswa kufanya kazi", aende aangalie. Jina la kuingilia mara nyingi huanza na kikoa (jina la mtandao wa ofisi): KIKOA\jina.

5. Fundi akisema IMAP hawashi, kuna DavMail. Ni mkalimani: upande mmoja anaongea na Exchange kwa EWS (njia nyingine ya Microsoft ya kuifikia Exchange), upande wa pili anakupa IMAP mlango 1143, SMTP ya kutuma 1025 na kalenda 1080. Yangu iko kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, nyumbani. Kama ofisi imekukataza kwa maandishi, heshimu.

MASWALI

Wa Nkuhungu: Mkuu nimefuata zote inakataa password.

— Hatua ya 4.

Wa Nkuhungu: Nimesoma mkuu.

— Basi umeandika jina bila kikoa, au uko 365 na unalazimisha nywila. Weka picha ya hitilafu. "Inakataa" hainiambii kitu.

Wa Area C: Kujitesa kote huku kwa nini, si uweke Outlook tu?

— Weka. Mimi sijamkataza mtu. Somo ni la asiyeitaka.

Mwanafunzi, UDOM: Samahani kaka, ActiveSync inajuaje barua imeingia papo hapo? Simu inauliza kila sekunde?

— Swali zuri, mdogo wangu. Haiulizi kila sekunde. Simu hutuma ombi moja, seva inalishikilia bila kujibu. Barua ikiingia, inajibu. Muda ukiisha bila kitu, inajibu "hakuna", simu inatuma jingine. IMAP nayo ina IDLE, inafanana: muunganisho unabaki wazi. Tabu ni njiani. Ukipanda basi la Kondoa mtandao unakatika, simu inaunganisha upya kila mara na betri inaisha. Nikisafiri nazima IDLE, naiweka iangalie kila dakika 30.

Mwanafunzi, UDOM: Asante sana kaka. Na kalenda?

— Kwenye DAVx⁵ weka anwani ya DavMail, mlango 1080, kisha /users/anwani-yako/calendar. Angalizo: DavMail ikiachwa ilivyo haifichi mawasiliano. Usiifungulie intaneti hata siku moja. Mimi nikiwa nje napita kwenye WireGuard kwanza (VPN ya kurudi kwenye mtandao wa nyumbani), ndiyo naifikia. Na uniwie radhi, nilisahau juu: kwenye mipangilio ya DavMail weka davmail.allowRemote=true, la sivyo itaisikiliza mashine yake peke yake.

Wa Kisasa: Nimesikia EWS inaondolewa, kwa hiyo DavMail imekufa?

— Microsoft imetangaza kuiondoa EWS kwenye Exchange Online, yaani ile ya 365, kuanzia Oktoba 2026. Seva zilizo ofisini haziguswi. Mwenye 365 atumie IMAP na OAuth, hahitaji mkalimani.

Wa Singida: Raspberry yangu kila umeme ukikatika haiwaki tena. Kadi ya tatu hii.

— Kadi inaharibika ikikatiwa umeme katikati ya kuandika. Hamishia mfumo kwenye diski ya SSD ya USB, na uweke betri ndogo ya ruta, zile za volti 5 au 12.

Wa Singida: Ya ruta inatosha kweli?

— Angalia ampea kabla ya kulipa. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Nyingi za bei rahisi zinatoa 2, utarudi hapa kulalamika.

Wa Nkuhungu: Mkuu imekubali, ilikuwa kikoa.

— Haya.