Mimba moja ndani ya kizazi, nyingine nje: mambo ya kuzingatia kabla ya kupandikiza

Ultrasaundi ya kwanza ikionyesha kifuko cha mimba ndani ya kizazi, wengi hushusha pumzi. Wewe uliyeshika mimba kwa kupandikizwa, yaani yai lililorutubishwa maabara likawekwa kizazini, au kwa dawa za kupevusha mayai, nakuomba usishuke kitandani kabla hujauliza: na mirija ya uzazi je, mmeitazama? Mimba mbili zinaweza kutunga kwa pamoja, moja mahali pake na nyingine nje, mara nyingi kwenye mrija. Kitaalamu huitwa mimba heterotopiki. Kwa wasiotumia tiba hukadiriwa kutokea mara moja katika mimba 30,000. Baada ya tiba ya uzazi hutokea mara nyingi zaidi.

Maandalizi huanza kabla ya siku ya kupandikiza. Mweleze daktari kama mirija yako iliwahi kuziba, kupata maambukizi au kupasuliwa, au kama mimba iliwahi kutunga nje. Mjadili idadi ya viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa yatakayowekwa kizazini: kurudishiwa kimoja hupunguza hatari hii, ingawa hakuiondoi kabisa. Jua pia kundi lako la damu.

Kinachonitia hofu ni jinsi mimba hiyo ya nje inavyojificha. Kipimo cha homoni ya ujauzito hakiwezi kuthibitisha kwamba haipo, kwa kuwa mimba ya ndani huipandisha homoni hiyo kama kawaida. Maumivu ya tumbo nayo hudhaniwa ni ya ovari zilizovimba kwa dawa. Kwa hiyo ukishikwa na maumivu makali ya tumbo, maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama jana uliambiwa mimba iko salama. Anayekaa nawe ajifunze kusema: "Amepandikizwa, mtazameni na nje ya kizazi." Mrija ukipasuka, huenda wewe usiweze kuongea.

Tiba kwa kawaida ni upasuaji, mara nyingi wa matundu madogo, wa kuondoa mrija wenye mimba. Methotreksati, dawa inayotumika kusitisha mimba ya nje, haifai mimba ya ndani ikiwa hai, maana itaidhuru. Mimba ya nje ikigunduliwa mapema, ya ndani ina nafasi nzuri. Ripoti nyingi zinaonyesha takriban theluthi mbili hufikia kuzaliwa mtoto hai. Nyingine huharibika, na hilo daktari akuambie waziwazi. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, uliza kama dawa za projesteroni, homoni inayosaidia kutunza mimba, zinaendelea. Usiziache kwa uamuzi wako.