Kabla mzigo wako haujapitia bandari ya jirani

Mzigo wa Lusaka unaoshushwa Dar es Salaam ni mpita njia. Tanzania haiutozi ushuru wa kuingiza, mradi utoke kweli, na huo "mradi" ndio unaozaa karibu makaratasi yote.

Anza na hati ya shehena, tena meli ikiwa haijang'oa nanga. Omba rasimu uisome mwenyewe. Iseme wazi kwamba mzigo unapita kwenda Zambia, na jina la mpokeaji lifanane na la kwenye ankara herufi kwa herufi. Neno "transiti" likikosekana, mzigo husomeka kama wa kubaki nchini. Hapo itabidi kampuni ya meli irekebishe manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, kwa ada, huku siku za bure, zile zisizotozwa, zinayoyoma.

Siku hizo zenyewe huwachanganya wengi. Bandari inahesabu siku ambazo mzigo umelala yadini. Mwenye kontena ana hesabu yake, nayo haikomi mpaka kontena tupu lirudi alikoelekeza. Lusaka kwenda na kurudi ni karibu kilomita 4,000, kwa hiyo omba siku za kutosha kabla ya kupakia. Ukishachelewa, hakuna wa kukusikiliza.

Kisha dhamana ya forodha, yaani bondi: ahadi ya wakala kwamba ushuru utalipwa mzigo usipotoka. Muulize wakala bondi yake imebakiza nafasi kiasi gani, wala usione haya. Ikiwa imejaa, mzigo wako utasubiri mizigo ya wenzako ivuke mpaka ndipo bondi ipumue. Kwa Rwanda, Uganda na Burundi hesabu hubadilika: chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2014, kodi ya nchi unakokwenda hulipwa mzigo ukiwa bado bandarini, kwa hiyo fedha iwe tayari mapema. Wa Kongo (DRC) wasisahau FERI, fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingizwa huko.

Uzito nao. Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56, gari na mzigo pamoja, lakini mizani hupima ekseli pia. Kontena lililoelemea nyuma linakwama hata kama jumla iko sawa.

Mwisho, piga picha ya sili ikiwa mlangoni mwa kontena, namba ionekane, na dereva awe nayo kwenye simu. Tunduma, mpakani na Zambia, watailinganisha na ya kwenye hati, na foleni ile si mahali pa kuanza kumsaka wakala asiyepokea simu.